SI KILA WITO UNAISHIA MIMBARINI



Leo nina neno kwa wazazi, kwa vijana, na kwa sisi wachungaji.

Amos Alonzo Stagg alizaliwa mwaka wa 1862 huko New Jersey, Marekani, mwana wa fundi viatu. Alikwenda Chuo Kikuu cha Yale akitaka kuwa mchungaji. Chuoni akang'ara katika michezo. Kwenye besiboli alikuwa mrushaji hodari hata timu za kulipwa zikamtaka, akakataa. Kwenye kandanda ya Kimarekani, mwaka wa 1889 alitajwa katika kikosi cha wachezaji bora wa vyuo vya nchi nzima.

Lakini alipoingia masomo ya theolojia, akakutana na ukuta: kusema mbele za watu kulimshinda. Wengi wetu tungesema wito wake umekufa. Yeye aliona hivi: kama siwezi kuwajenga vijana kwa mahubiri, nitawajenga uwanjani.

Mwaka wa 1892 akawa kocha katika Chuo Kikuu cha Chicago, akakaa misimu 41. Alipofika miaka 70 akastaafishwa kwa sababu ya umri. Je, alikwenda kukaa kivulini? La! Alihamia chuo kingine California, akafundisha misimu 14 zaidi. Mwaka wa 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka. Alilala mwaka wa 1965 akiwa na miaka 102. Ajira ina kustaafu, mpendwa. Wito hauna.

Sasa niruhusu nitubu hadharani. Miaka ya nyuma kulikuwa na kijana kanisani aliyefundisha watoto wa mtaa mpira kila Jumamosi. Nilimwambia aache mambo ya dunia, ajiunge na wahubiri. Alitii. Akahubiri mara mbili, akitetemeka, kisha akanyamaza. Wale watoto wakatawanyika, na wengine leo nawaona stendi wakitafuna miraa saa nne asubuhi. Nilidhani namwingiza katika huduma, kumbe nilimtoa.

Soma Kutoka 31. Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu. Ili ahubiri? Hapana. Ili afanye kazi ya dhahabu, fedha, mawe na mbao. Upako ulikuwa mikononi mwake.

Kwa hiyo naamini kanisa linakosea tunapowawekea mikono wahubiri na waimbaji peke yao. Kocha anayekaa na watoto wetu hadi jioni, akiwafundisha kushindwa bila kutukana na kushinda bila kiburi, naye ni mtumishi. Tumwombee. Tumnunulie hata mipira.

Na wewe uliyeambiwa huna kipawa kwa sababu huwezi kushika maikrofoni: uko na nini mkononi?

Kama neno hili limekugusa, andika AMINA, kisha mtumie kocha mmoja unayemjua.