AFYA YA JAMII: Moyo Unapopoteza Mdundo



Wahenga walinena kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Ndivyo ilivyo kwa mtu ambaye moyo wake huenda mbio, ukasita, kisha ukaenda tena bila mpango, naye akasema ni uchovu wa kazi tu.

Moyo una vyumba vinne. Mdundo ukivurugika, vyumba viwili vya juu hutetemeka badala ya kukamua damu. Damu hutuama humo kama maji ya dimbwi, na damu iliyotuama huganda. Donge lake likifika katika ubongo huziba mshipa, na mgonjwa hupooza upande mmoja. Hatari hiyo ya kiharusi huongezeka mara tano hivi.

Kwa wazee, chanzo kikubwa ni shinikizo la damu. Kwa vijana, mara nyingi ni maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, yaliyoleta homa ya baridi yabisi na kuharibu vali za moyo.

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Yakiwa hayana mpango, nenda ukapimwe umeme wa moyo. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za moyo.

Wapo watakaopewa wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande. Asprini haishiki nafasi yake. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2022, uliohusu wagonjwa zaidi ya 4,500 walioharibiwa moyo na baridi yabisi, ulionyesha kuwa wafarini iliwafaa kuliko dawa mpya waliyolinganishiwa.

Lakini wafarini hutaka nidhamu. Damu hupimwa mara kwa mara: dawa ikipungua, damu huganda, ikizidi, mgonjwa hutokwa damu. Aidha, mboga za majani zina vitamini K, inayopingana na dawa hiyo. Nasi wa nyanda hizi hula mboga mbichi tele wakati wa mvua, na kiangazi zikaadimika. Usiache mlenda wako, ndugu; kula kiasi kilekile kila juma, na chakula kikibadilika mwarifu daktari. Mwarifu pia kabla ya kutumia dawa yoyote nyingine, hata ya mitishamba, au ukitarajia kupata mimba.

Na mtu akipinda mdomo ghafla, akalegea mkono au akawa mzito wa ulimi, msisubiri kupambazuke. Mpelekeni hospitali saa ileile.