TURBO ITOLEWE, IUZWE

Ndugu Wafanyakazi,

Jumamosi ijayo sisi wenye lori la shirika tutakutana nyuma ya stesheni ya Malaba kuamua neno moja: ile turbo tuliyoifunga mwaka jana itolewe na kuuzwa, au ibaki. Nimeona heri niandike mapema, kwa kuwa mkutanoni watu husema wote kwa pamoja, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Mimi nasema itolewe, iuzwe. Nitaeleza sababu zangu moja moja, na asiyekubali na ajibu kwa sababu, si kwa kelele.

Kwa wasioijua habari hii, nitaisema kwa kifupi. Sisi wafanyakazi 14 tulichanga akiba zetu, tukanunua lori kuukuu la tani 7, libebe mchanga na mahindi kutoka Bumala na Butula, na mara moja moja liende Eldoret. Lori lilikuwa zima, ila lilipanda milima polepole. Fundi mmoja akatuambia kwamba atalitia turbo iliyotoka katika injini nyingine, nasi tukalipa shilingi 70,000 pamoja na kazi yake. Siku ya kwanza lilipopanda kilima kwa gia ya juu, tulipiga makofi. Sisi watu wa reli tulikuwa tukiijua Turbo moja tu, ile stesheni iliyo kati ya Eldoret na Webuye. Tulidhani na hii ya pili itatufikisha salama.

Basi nini kilitokea? Kamati ilipoona lori lina nguvu, iliongeza mzigo. Tena safari mbili kwa siku zikawa tatu. Mshahara wa dereva ukabaki palepale, na wa utingo vilevile. Mwezi uliopita dereva alikuja mbele ya kamati, kofia mkononi, akasema gasketi imeungua mara ya pili, breki zinanuka kila anaposhuka mlima, naye hawezi tena kubeba mzigo ule. Akajibiwa kwamba yeye ni mvivu, na kwamba madereva wengine wako wengi tu pale mpakani. Nilikuwapo. Niliona haya, na haya hiyo ndiyo inayoniandikisha.

Neno la kwanza ni juu ya mashine yenyewe. Turbo hufanya kazi hivi: moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu hilo husukuma hewa nyingi iingie katika silinda. Hewa ikizidi, fundi huongeza dizeli katika pampu, na nguvu huzidi. Lakini joto nalo huzidi, na msukumo juu ya pistoni na gasketi huzidi. Injini iliyozaliwa na turbo imetayarishwa kwa hayo: pistoni zake ni za namna nyingine, oili yake hupoza pistoni kutoka chini, na rejeta yake ni kubwa. Injini yetu haikuzaliwa hivyo. Mishenini tulifundishwa habari ya kiraka kipya katika nguo kuukuu, na kila mtu anajua nguo ile iliishaje.

Wengine watasema, "Mbona injini za treni zina turbo?" Kweli, zinazo. Zile za aina ya 93, zilizoanza kuja mwaka 1978 kutoka General Electric ya Marekani, zina turbo. Lakini zilitoka nayo kiwandani, pamoja na breki za kuzuia uzito wake. Mimi kazi yangu ni kukagua mabehewa. Treni haiondoki Malaba kwa sababu injini ina nguvu ya kuvuta. Huondoka breki zikisha kujaribiwa. Reli imetufundisha kwamba swali la kwanza si "Itavuta?" bali "Itasimama?" Ajabu ni kwamba tukivua nguo za kazi jioni tunalisahau somo hilo. Lori letu tulilitia nguvu ya kukimbia, breki tukaziacha zilezile.

Tarehe 30 Juni 2023, pale njia panda ya Londiani, lori lilishindwa kuzuilika likawavamia watu waliokuwa sokoni na kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Sisemi lile lilikuwa na turbo. Nasema gari zito lisilozuilika halichagui wa kumwua, na sisi tumeonywa na mtu aliyeshika usukani kwa mikono yake. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Neno la pili ni hesabu. Katibu wa kamati alitusomea mapato ya safari za nyongeza, akashangiliwa. Gharama hakuzisoma. Gasketi mbili na kazi ya fundi ni shilingi 36,000. Siku ambazo lori lililala gereji ni 11. Dizeli imezidi, kwa maana nguvu haitoki hewani tu. Tena nguvu hiyo twaitumia wapi? Sheria ya Kenya imeweka mwendo wa malori usizidi kilomita 80 kwa saa, na kidhibiti mwendo kipo. Mizani nayo haiulizi injini ina nguvu kiasi gani. Huuliza ekseli imebeba nini. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 katika ekseli moja yenye matairi mawili mawili, na turbo haiongezi hata kilo moja juu ya hapo. Na ile foleni ya kwenda mpakani je? Mwaka 2020, wakati wa Korona, malori yalipanga mstari wa kilomita nyingi kutoka Malaba. Mwenye turbo na asiye na turbo walipika ugali wao pamoja kando ya barabara.

Husemwa tena kwamba tukiuza tutapata hasara, kwa kuwa mtu wa Bungoma anatoa shilingi 35,000 tu. Ndugu, hasara hiyo tulikwisha kuipata siku tuliyonunua. Kubaki na turbo hakutarudisha fedha zile. Ng'ombe aliyekufa hafufuki kwa kuletewa majani.

Neno la tatu ndilo kubwa. Sisi ni watu wa chama cha wafanyakazi. Kila mkutano twalia kwamba tajiri ameongeza kazi bila kuongeza mshahara. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli pamoja, waligoma kwa ajili ya mshahara usiotosha, na mpaka leo twawataja kwa heshima. Sasa tumenunua lori moja, na siku ileile tumekuwa tajiri. Tumeongeza mzigo, tumeongeza safari, na mtu alipolalamika tumemwita mvivu. Yale maneno, "Wengine wako wengi mlangoni," sisi wenyewe tuliambiwa. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Dereva huyu si mwanachama wetu, kweli. Lakini je, ni mfanyakazi au si mfanyakazi? Kama chama chetu kinamtetea mwenye kadi tu, na nje ya lango kinamkamua mwingine, basi si chama, ni klabu.

Nisieleweke vibaya. Sichukii faida. Nina watoto shuleni kama ninyi, na akiba yangu imo katika lori lile. Lakini nataka faida ambayo naweza kumweleza dereva nikimtazama usoni.

Kwa hiyo naleta shauri hili. Kwanza, turbo itolewe na fundi anayejua, na pampu ya dizeli irudishwe kipimo chake cha zamani. Isiporudishwa, lori litatoa moshi mweusi na kula mafuta bure. Bomba la oili lililokuwa likienda kwenye turbo lizibwe vema. Pili, iuzwe, isiwekwe stoo, maana kilichowekwa stoo hurudi siku kamati ikibanwa na fedha. Tatu, mnunuzi aambiwe ukweli wote: imetumika, ilitoka injini gani, na gasketi zetu ziliungua. Tusimtwike mwingine mzigo wetu kwa kunyamaza. Nne, fedha zitakazopatikana zitengeneze breki kwanza, na zitakazobaki apewe dereva na utingo wake kwa safari za tatu walizokwenda bila malipo. Tano, dereva asifukuzwe, naye aitwe mkutanoni aseme mwenyewe.

Anayetaka turbo ibaki ana haki ya kupiga kura yake. Ila nataka kwanza apande lori hilo, limejaa mchanga mpaka juu, akae kando ya dereva wakati wa kushuka mlima, anuse ile harufu ya breki. Akirudi, na anyoshe mkono wake.

Tukutane Jumamosi, saa nane mchana. Msikose.

Ndimi ndugu yenu,
Mkaguzi wa Mabehewa, Malaba