Mambo ya Nyumbani: Kengele Yenye Jicho

Kwetu sisi mgeni hupiga hodi, na mwenyeji hujibu karibu. Huko Marekani mgeni hubonyeza kitufe, na kengele hulia ndani. Siku hizi kitufe hicho kimetiwa kamera. Mwenye nyumba, hata akiwa safarini, humwona mgeni katika simu yake na kusema naye. Huenda mtoto wako aliye mjini au ng'ambo akakuletea kimoja, nawe ukaona picha vizuri, lakini kengele i kimya.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1966 muuguzi mmoja wa New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe Albert, waliomba hati ya uvumbuzi wa mtambo wenye kamera mlangoni na televisheni ndani. Mama huyu aliogopa kukaa peke yake nyumbani. Hati walipewa mwaka 1969.

Basi, kwa nini kengele hunyamaza? Katika nyumba nyingi za Marekani kuna transfoma ndogo ipunguzayo umeme wa volti 120 uwe volti 16 hivi. Ukibonyeza kitufe, umeme hupita, sumaku huvuta kinyundo, nacho hugonga bamba: ding! Ukiachia, springi hukirudisha kigonge bamba la pili: dong! Kitufe cha zamani kikitulia hakikula umeme hata chembe. Lakini jicho la kamera halilali. Mchana na usiku lavuta umeme kidogo kwa kupitia kengele hiyo hiyo. Ndiyo maana kengele nyingine hunguruma kama nyuki, au jicho huzimika mgeni anapobonyeza.

Fundi mwenye akili hutazama kwanza transfoma. Ile ya volti 8, iliyozoeleka Uingereza, mara nyingi ni dhaifu mno kwa chombo hiki. Kisha watengenezaji wengine hutoa kijisanduku cha kufungwa ndani ya kengele, kwenye skrubu zilizoandikwa Front na Trans, ili umeme wa jicho upite pembeni. Na liko jambo dogo linalosahauliwa: katika programu ya simu yapasa kuchagua aina ya kengele uliyo nayo, ya kinyundo au ya muziki. Usipochagua, kengele yaweza kukaa kimya hata nyaya zote zikiwa sawa.

Nyumba zetu nyingi hazina waya wa kengele. Kwa hiyo kwetu chafaa kile cha betri, pamoja na kengele yake ya kuchomeka kwenye soketi, ambayo hupata habari kwa waifai. Ikiwa imetoka Marekani, soma maandishi ya nyuma. Yakisema 100-240V, haina neno. Yakisema 120V tu, usiichomeke, itaungua. Wala mtu asijaribu kuunga kitufe hiki moja kwa moja na waya wa taa. Umeme wetu ni volti 230 na zaidi, nao huua.

Kabla ya kutoboa ukuta, funga mlango, simama nje na simu yako, uone kama waifai yafika. Ukuta wa mawe na bati huizuia sana. Na kama nyumbani hamna intaneti ya kudumu, mimi nasema chombo hiki ni pambo tu. Kengele ya betri isiyo na kamera ni rahisi zaidi, na mbwa hahitaji transfoma.

Tusimsahau jirani. Mwaka 2021 mahakama ya Oxford, Uingereza, iliona kuwa mtu mmoja alivunja sheria ya kulinda habari za watu, kwa kuwa kengele na kamera zake zilimnasa jirani, hata maneno aliyoyasema mbali na mlango ule. Kenya ina sheria ya namna hiyo tangu mwaka 2019, na Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 2022. Basi kifunge chombo kwa kimo cha kifua, kama mita 1.2 kutoka chini, kielekee kizingiti chako, si ua wa jirani. Ukiweza, zima sauti. Na kabla hujakifunga, mwite jirani aje aone mwenyewe katika simu ni nini kinachoonekana.