Kijana anataka studio chumbani? Anza na utulivu kabla ya vifaa

Saa tatu usiku mama amechoka, mtoto mdogo amelala, na chumbani kwa kaka yake kipande kilekile cha gitaa kinarudiwa kwa mara ya ishirini. Mama anagonga mlango.

“Basi mwanangu, tupumzike.”

“Naomba mara moja tu, mama. Ile ya mwanzo imeingia na honi ya bodaboda.”

Kesho yake linakuja ombi jingine: anunuliwe kipaza sauti cha bei kubwa, kwa sababu anachorekodi hakisikiki kama cha studio.

Hapo wazazi hugawanyika. Mmoja hukataa papo hapo akihofia masomo. Mwingine hukopa akiamini vifaa ndivyo vinavyoleta sauti nzuri. Wote wanaweza kukosea, kwani mara nyingi tatizo la studio ya nyumbani ni chumba chenyewe.

Kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha sauti. Kipaza sauti hunasa mwangwi huo pamoja na feni, friji na redio ya jirani. Dawa yake haina gharama kubwa: feni izimwe kwa dakika chache, godoro lisimamishwe ukutani, blanketi zito litundikwe dirishani.

Kwa gitaa lisilotumia umeme, kipaza sauti kikae umbali wa sentimita 20 hadi 30, kikielekea pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa. Kikitazama tundu moja kwa moja, sauti huvuma kupita kiasi. Nyuzi zilizochakaa zibadilishwe, na gitaa lituniwe kabla ya kila kurekodi.

Gitaa la umeme lina nafuu yake. Linaweza kuchomekwa kwenye kompyuta kupitia saundi kadi, kijana akajisikiliza kwa hedifoni na nyumba nzima ikalala.

Lakini hedifoni hizo ndizo za kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na mtu mzima desibeli 80. Kila sauti inapopanda desibeli 3, muda salama hupungua kwa nusu. Kijana akilalamika kwamba masikio yanavuma baada ya kazi, sauti ilikuwa juu mno. Apunguze na apumzike, kwa sababu usikivu ukishaharibiwa na kelele, mara nyingi haurudi.

Kwenye kuchanganya sauti, mzazi ana msaada ambao hauuzwi dukani. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi anajua jinsi gitaa la solo, la rhythm na la besi yanavyopokezana bila kukanyagana. Kijana anayeanza hufanya kinyume: hupandisha kila gitaa mpaka yote yanapiga kelele pamoja.

Ufundi wenyewe uko zaidi katika kupunguza. Rhythm isogezwe kushoto kidogo, gitaa la pili kulia, solo ibaki karibu na katikati. Mivumo mizito ya chini ipunguzwe kwenye magitaa hayo ili besi ipate nafasi. Kisha wimbo uchezwe kwenye simu ya baba, naye aulizwe: “Besi unaisikia? Maneno yanaeleweka?” Jibu lake linaweza kumfaa kijana kuliko kipaza sauti kipya.

Yanabaki makubaliano. Kazi za shule zikiisha, Jumamosi mchana, nyumba impe saa mbili: televisheni ishushwe, wadogo wacheze nje. Naye akubali kwamba baada ya saa tatu usiku ni hedifoni tu, kwa sauti ya chini.

Na kipaza sauti cha bei kubwa? Kisubiri mpaka amalize wimbo mmoja, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa vifaa alivyonavyo. Akiufikisha mwisho, mzazi atakuwa na sababu ya kufungua pochi.