Hukumu Iliyolala Ndani ya Faili

Wananchi waliopigania kufutwa kwa kifungu cha 2A cha Katiba, kilichofutwa mwaka 1991, hawakudai vyama vingi peke yake. Walidai pia sheria itakayomfikia mnyonge. Basi hatuna budi kuuliza: kibarua aliyeshinda kesi ya mshahara wake amepata nini, ikiwa hukumu yake imelala ndani ya faili?

Hukumu ya kulipa deni hutekelezwa na dalali, ambaye kazi na ujira wake huongozwa na Sheria ya Madalali ya 1996 na Kanuni za 1997. Ada iliyoandikwa kwa kiasi maalumu cha shilingi haisogei nauli, petroli na kodi ya ghala zipandapo. Dalali asiyetoshwa na ada halali huyakimbia madai madogo ya maskini, au hutoza malipo yasiyo na stakabadhi. Hapo ndipo ufisadi huzaliwa.

Kwa hiyo twasema waziwazi: ada hizo ziende sambamba na mfumuko wa bei. Lakini tusisahau nani hulipa. Kwa kanuni hizo, mlipaji ni mdaiwa. Asipopatikana au akikosa mali, mzigo humrudia mdai. Wote wawili ni wananchi. Ndiyo maana Katiba ya 2010, katika kifungu cha 48, yataka ada yoyote iwe ya kiasi na isizuie mtu kupata haki.

Nyongeza basi ifuate takwimu za bei za taifa, kwa wakati unaojulikana, na wala si ushawishi wa faraghani. Itangazwe katika Gazeti Rasmi, na jedwali libandikwe kwa Kiswahili katika kila mahakama.

Tena, sheria ni msumeno: hukata mbele na nyuma. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai humkinga mkulima asinyang'anywe mifugo yake ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza, na zana za shilingi 5,000 za kwanza. Shilingi 10,000 hazinunui ng'ombe wa maziwa leo. Ikiwa mfumuko wa bei ni hoja ya kumwongezea dalali, ni hoja pia ya kumwongezea kinga mwenye zizi. Kupandisha kimoja na kuacha kingine ni dhuluma iliyovaa joho la sheria.

Torati ilikataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuchukua uhai wa mtu. Kamati za haki na amani makanisani, nanyi wanamageuzi, lipelekeni jambo hili kwa Jaji Mkuu na kwa wabunge wenu: mtekelezaji alipwe ujira wa haki, mdai apate chake, na mdaiwa abakishiwe cha kuwalisha watoto.