Nyumba Yetu ya Magurudumu Manne

Katika toleo la mwezi wa Shaabani tuligusia, kwa maneno mawili matatu tu, habari ya gari kuukuu tulilokuwa tukiligeuza liwe makao ya safarini, na tangu siku ile barua hazikukatika. Vijana watuuliza vipimo na gharama. Akina mama watuuliza watu hulala wapi, na stara ikoje. Na mzee wetu mmoja wa Pangani, Mwenyezi Mungu amzidishie umri na afya, ametuuliza kwa ukali kidogo kama twaona haya siku hizi kulala katika nyumba za jamaa zetu, hata tukajitengenezea chumba cha bati. Leo twawajibu wote pamoja, na tutaeleza yaliyotufaa na yaliyotuharibikia, maana mambo haya mawili yalikwenda sambamba.

Tumwanze mzee, kwa heshima yake. Jamaa zetu wametawanyika: wako Tanga, wako Lushoto, wako Malindi na Lamu. Kuunga udugu ni wajibu, na mama yetu mzazi ndiye anayetukumbusha wajibu huo kila wiki. Lakini mama magoti yake hayamruhusu kukaa basini saa sita. Hana budi kushuka na kunyosha miguu kila baada ya saa moja, na dereva wa basi hamngojei mtu. Nyumba za wageni nazo ni mtihani: choo cha shirika baina ya wanaume na wanawake, na nyama ambayo hatujui imechinjwa na nani. Tena tu watu sita. Kumwangukia ndugu mwenye vyumba viwili kwa siku tano, na yeye kwa ukarimu wake akawahamisha wanawe wakalale sebuleni kwa ajili yetu, hilo si kuunga udugu bali ni kuulemea. Sasa twafika, twala naye, twasali naye, twazungumza mpaka usiku, kisha twarudi garini kulala.

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya kubebea mizigo, iliyowahi kufanya kazi ya kusambaza mikate. Tuliichagua kwa sababu iliyo wazi kwa kila mtu wa pwani: hakuna mji wenye daladala au matatu usiokuwa na fundi anayeijua Hiace, wala duka lisilokuwa na vipuri vyake. Wenzetu wa Ulaya walianza jambo hili zamani. Volkswagen walitoa gari lao la umbo la mkate mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ikaanza kulitengenezea kabati na vitanda vya kuingiza na kutoa, hata mwenye gari akafanyia biashara siku za kazi na kulalia siku za mapumziko. Basi ati jambo hili ni mtindo mpya wa vijana? Lina umri wa miaka zaidi ya 70.

Kabla ya kununua ubao hata mmoja, pimeni. Ndani ya Hiace yetu, nyuma ya viti vya mbele, mna urefu wa kama mita 3, upana wa mita 1.5, na kimo cha mita 1.3 tu. Kijana mmoja ametuandikia kwamba ameshachora pembe ya kusalia ndani ya gari lake la namna hii hii. Ndugu yetu, kusimama ni nguzo katika sala ya faradhi kwa kila mwenye uwezo, na katika mita 1.3 hasimami ila mtoto wa miaka minane. Nafasi ile itumie kwa kabati. Wewe chukua mkeka wako na ushuke. Kwa sisi wa pwani Kibla ni kaskazini karibu sawasawa, kwani Tanga na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa longitudo. Na kwa kuwa mlango wa pembeni wa magari haya uko kushoto, sisi wakati wa alasiri huliegesha gari uso wake ukielekea kusini. Kivuli huangukia upande wa mlango, turubai hutandazwa hapo, na mkeka chini yake.

Ugomvi wetu wa kwanza na fundi ulikuwa juu ya viti. Gari lilikuja na nafasi za watu watatu mbele, na nyuma yao benchi la kukunja la watu watatu, kila mmoja na mkanda wake. Fundi akatushauri tuling'oe benchi, tutandike kitanda kimoja kutoka mbele hadi nyuma, na watoto wasafiri wamelala. Twakiri kwamba tulikubali, na hata tulikwisha kulegeza bolti mbili. Kilichotuzuia ni hesabu ya binti yetu, aliyekuwa akijiandaa na mtihani wa fizikia. Gari liendalo kilometa 80 kwa saa huenda mita 22 kwa kila nukta. Likisimama ghafula kwa kugonga, mtoto aliyelala bila mkanda huendelea kwa mwendo ule ule mpaka akutane na kitu, na pigo lile ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 25, yaani ghorofa ya nane. Alituletea karatasi bila ya kusema neno. Bolti zikarudishwa usiku ule ule.

Basi benchi likabaki mahali pake, na nyuma yake ikapatikana nafasi ya kama mita 1.8. Hapo ndipo kilipo kitanda, na chini yake masanduku. Gari likienda, hapana mtu kitandani, hata mama mwenyewe, na yeye ndiye aliyechukua muda mrefu kulikubali jambo hili.

Kitanda cha kwanza tulikitengeneza kwa mninga. Kilikuwa kizuri, seremala alikipiga msasa kama kitanda cha bibi arusi, na kilihitaji wanaume wanne kukiinua. Gari likalala kwa nyuma kama punda aliyezidishiwa gunia. Tukakitoa, tukafanya kingine kwa plaiwudi ya milimita 12, ambayo bamba lake zima la futi 4 kwa 8 ni kama kilo 20 tu, juu ya fremu nyepesi. Kile cha mninga kiko chumbani kwa mama hivi sasa, na wageni hukisifu. Na tafadhalini msitumie misumari. Barabara ya makorongo huing'oa mmoja mmoja. Tumieni skrubu na gundi.

Kabla ya mbao, ilikuwa kutu. Tulipofunua sakafu tulikuta unga wa miaka mingi umeshika unyevu, na bati chini yake limelika hata kidole kikapenya. Kukwangua, kuchomelea viraka na kupaka rangi ya kuzuia kutu kulitugharimu wiki tatu na hakuonekani kwa macho ya mtu yeyote. Watu wengi huruka kazi hii kwa hamu ya kufikia vitanda na mapazia. Baada ya hapo tulilivika paa kwa ndani mabamba ya povu jepesi, yale yafungiwayo televisheni mpya ndani ya sanduku, tukayafunika kwa plaiwudi nyembamba, maana bati la gari katika jua la Tanga ni tanuri.

Maji ndiyo yaliyotufurahisha kuyahesabu. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, na akioga kwa pishi moja mpaka mudi tano. Mudi ni kile kibaba walichokijua babu zetu, kama lita 0.7. Nyumbani kwetu wasalio ni watano. Udhu tano za kila siku kwa watu watano ni vibaba 25, nayo ni chini ya lita 18. Mfereji ukiachwa wazi, mtu mmoja hummaliza kiasi hicho kwa siku moja peke yake. Tukaweka lita 18 nyingine za kunywa, na lita 15 za kupikia na kuosha vyombo, ikawa madumu matatu ya lita 20, nayo hukaa chini kabisa, karibu na ekseli ya nyuma. Watoto mara ya kwanza walilia kwamba kibaba hakitoshi. Siku ya pili kilitosha.

Umeme tutaupita upesi. Betri ya kawaida ya risasi ya ampea 100 kwa saa haifai kutumiwa zaidi ya nusu, basi hesabu una 50. Feni ndogo usiku kucha hula 16, taa tatu za LED hula 5, simu nne 5. Zimebaki za akiba, na paneli moja ya sola ya wati 100 juu ya paa huzirudisha siku ya jua. Jokofu hatukutia, tuna sanduku la barafu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si mwisho wa waya, kwani waya usiolindwa ukichubuka huwasha moto. Fedha za yote haya tulizitoa kidogo kidogo kwa miezi 14. Rafiki alitutajia mkopo ambao ungetumalizia kazi kwa mwezi mmoja. Tukauliza riba yake, tukaaga.

Sasa tuseme lile tulilokuwa tukisitasita kulisema.

Safari yetu ya kwanza ndefu ilikuwa Lushoto, mwezi wa Julai, na asiyepajua Lushoto mwezi wa Julai hajui baridi. Mvua ilinyesha tangu magharibi. Turubai halikufaa kitu, tukaingia ndani sote sita: mama, mama watoto na mabinti wawili kitandani, sisi na kijana wetu juu ya benchi lililokunjwa. Mama alikuwa akitetemeka. Kijana, kwa huruma yake, akalitwaa jiko la mkaa tulilopikia chai, makaa yake yakiwa mekundu bila ya moshi hata kidogo, akaliweka ndani juu ya kipande cha bati. Tulimwona. Tulidhani kwamba kilicho na madhara ni moshi, na kwa kuwa hapakuwa na moshi tukamwambia ahsante. Tukafunga madirisha yote tusiingiwe na mvua.

Makaa mekundu hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, wala haikohozi mtu. Huingia katika damu na kushika mahali pa oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, na mtu aliyelala huzidi kulala. Haya tuliyasoma baadaye.

Mama yetu ana dasturi ya kuamka theluthi ya mwisho ya usiku, nayo hajaiacha tangu tulipokuwa wadogo. Usiku ule aliamka kichwa kikimgonga, akadhani ni baridi ya milimani. Akatafuta kata ya maji. Kwa kuwa ndani hapana mahali pa kutilia udhu, ilimlazimu kushuka. Akausukuma mlango, mguu ukamkosa, akaanguka tope. Kishindo chake ndicho kilichotuamsha sisi, na tulipotaka kuinuka tukaona miguu si yetu. Binti mdogo tulimwita mara tatu haitiki. Tulimburura mpaka nje mvuani, akatapika, kisha akalia, na hatujapata kusikia sauti tamu kuliko kilio kile. Alfajiri tukawapeleka wote hospitali, na alhamdulillahi wote wakarudi wazima. Mama alivunjika kifundo cha mkono wa kushoto.

Kijana wetu hakula siku mbili. Tulimwambia, na twamwambia tena hapa mbele ya wasomaji, kwamba kosa halikuwa lake bali letu, sisi tuliokuwa watu wazima mle ndani na tukasema ahsante.

Tangu hapo mkaa hauingii garini hata ukiwa umezimwa. Jiko hukaa katika sanduku la chuma lililofungwa nje, nyuma. Mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 nao una sanduku lake lenye tundu chini, kwani gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama sakafuni. Tundu huitoa nje. Tunapika chini ya turubai tu. Madirisha mawili yamewekwa wavu wa mbu na hayafungiki kabisa: fundi alituuliza mara mbili kama kweli twataka dirisha lisilofungika, nasi tukamjibu ndiyo. Baridi ya Lushoto tumeitafutia mablanketi. Tena tumenunua kile kidude kidogo cha betri kipigacho kelele hewa ile ikizidi, na kimetundikwa karibu na vichwa vya walalao.

Waliotuuliza juu ya serikali: mabadiliko ya gari yaandikwe katika kadi ya gari, na kampuni ya bima iarifiwe kwa barua kabla ya safari, si baada ya ajali.

Safari ijayo, inshaallah, ni Lamu, mkono wa mama ukishapoa sawasawa. Mzee wetu wa Pangani atafurahi kusikia kwamba huko nyumba yetu ya bati haifiki. Itabaki Mokowe gatini, nasi tutavuka kwa mashua na vifurushi vyetu, na kulala kwa shangazi, sote sita, katika vyumba vyake viwili.