Gari bovu uani: Kinachobaki mnunuzi wa skrepa akishaondoka

Wakazi wa Ngara hawajasahau Novemba 2017. Wanafunzi 5 wa Shule ya Msingi Kihinga walifariki dunia na makumi walijeruhiwa kwa bomu la mkono. Ilielezwa kuwa mwanafunzi aliliokota akidhani ni chuma chakavu cha kuuza.

Tangu hapo wazazi huwaonya watoto wasiokote vitu porini. Lakini gari bovu likivunjwa uani, watoto haohao huachwa wakusanye vipande.

Gari halilipuki kama bomu. Hatari yake kubwa kwa mtoto ni ya kimyakimya, nayo imo kwenye betri. Sehemu kubwa ya uzito wa betri ni madini ya risasi, na ndiyo yanayoipa bei. Ikipasuliwa kwa shoka au kuyeyushwa motoni, vumbi na moshi wake hutua kwenye udongo, nguo na vyombo. Risasi haiozi. Mtoto anayetambaa huila kwa kutia vidole mdomoni, na mwili wake huweza kufyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango kilicho salama. Madhara yake kwenye ubongo unaokua huweza kuwa ya kudumu.

Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, wanayajua hayo. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia sumu hiyo. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ilirejesha fidia yao ya Sh1.3 bilioni za nchi hiyo, baada ya kesi ya miaka mingi. Wao walikuwa na wa kumshtaki. Uani kwako, mwenye kiwanda ni wewe.

Hivyo, gari livunjwe gereji, mbali na nyumba na kisima. Betri iuzwe nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Maji yake ni tindikali: yakimrukia mtoto, mwoshe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, akiyanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali. Tanki tupu la petroli lisikatwe kwa gesi, kwani mvuke uliobaki hulipuka. Nyaya zisichomwe kutafuta shaba. Nawe ukimaliza kazi, oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Kama gari lilishavunjwa nyumbani na mtoto anaumwa tumbo mara kwa mara, anapata choo kigumu, amepungukiwa damu au amezorota darasani, mpeleke hospitali. Akipata degedege, usisubiri hata saa moja. Dalili hizi hufanana na za minyoo au malaria, na mganga hawezi kujua kilichofanyika uani kwako. Mwambie kuhusu betri kabla hajauliza.